Fundi wa Taa Aliyetaka Giza

Kutoka Bukoba hadi Unguja nilisafiri siku tisa, na ningefika mapema zaidi kama ningekuwa mtu wa kwenda moja kwa moja. Meli ya ziwa ilinishusha Mwanza. Treni ikanifikisha Tabora, na hapo nikakaa siku tatu, si kwa kukosa treni bali kwa ajili ya kinyozi mmoja karibu na stesheni aliyekuwa akisimulia habari za Kongo huku wembe uko shingoni mwa mteja. Dar es Salaam nililala kwa mtu wa kwetu aliyenishauri nirudi nyumbani nikaoe. Asubuhi nikapanda stima, nikatapika tangu bandari moja hadi nyingine. Nilishuka Unguja na godoro lililokunjwa, sanduku la bati, na barua ya duka la dawa lililotaka mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika lebo za chupa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilidhani nitakaa miezi sita. Nilikaa miaka minne, na tangu hapo sijapata kukaa miaka minne mahali pamoja.

Aliyenichelewesha ni mwenye nyumba.

Jina lake silitaji, na mtaani kwetu Mkunazini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, Bi Zuwena, alimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kuangalia taa za barabarani: kubadilisha balbu, kuosha vioo, kuunga nyaya zilizoliwa na chumvi ya bahari. Mchana ungemkuta popote mjini, ngazi begani, mfuko wa turubai ubavuni, kofia ya kiua imesukumwa nyuma ili isianguke anapotazama juu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingo yake ilikuwa imezoea kukunjika nyuma kiasi kwamba hata mezani alionekana kama anamsikiliza mtu aliyekaa darini.

Siku niliyokwenda kuomba chumba nilimwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Unavuta sigara?"

Nikakiri.

"Chumbani vuta. Juu ya nyumba usivute. Cheche moja ya sigara hunipotezea macho robo saa."

Sikuelewa, lakini chumba kilikuwa kizuri, cha ghorofa ya mwisho, mlango wake ukitazamana na ngazi ya kwenda juu. Nikakubali. Jioni ile ile, baada ya Maghribi, nilimsikia akipanda, akapita mlangoni kwangu na kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka kama maiti ya mtoto. Alipofika juu alisimama kwenye ukingo na kupaza sauti:

"Nnapanda juu jamani! Nnapanda!"

Kutoka chini, uani kwa watu, sauti za wanawake zikamjibu moja moja. "Panda, baba." "Panda, Fundi." Na ya mwisho, kavu, ya bibi mzima: "Panda. Ukianguka usituangukie sie."

Hiyo ilikuwa desturi, na niliijua siku ile. Katika mji ule nyumba zimebanana, na nyua ndizo pumzi ya wanawake. Jioni hukaa humo vichwa wazi, wakisukana, wakipepea mkaa, wakisema ya kwao. Anayepanda juu ya paa, juu ya mnazi, juu ya ngazi, lazima apige hodi kwanza ili mwenye kujifunika ajifunike. Fundi alipiga hodi hiyo mara kumi kwa siku kazini na mara moja jioni kwake. Bi Zuwena aliniambia wanawake wa mtaa huondoa chungu cha mchuzi jikoni wakiisikia ile ya jioni, kwa kuwa haikosei saa.

Ndani ya shuka mlikuwa na darubini. Ilikuwa ya shaba, fupi kuliko mkono wangu, ameipata kwenye mnada wa vitu vya afisa mmoja wa meli aliyehamishwa. Miguu yake ilikuwa imepotea, akaichongea mingine mitatu ya mninga na kuifunga kwa waya wa umeme. Ilikuwa na kasoro moja iliyomfurahisha mno: ilipindua kila kitu, juu kikawa chini.

"Mtengenezaji si mjinga," alisema. "Huko juu hakuna juu wala chini. Sisi ndio wenye shida hiyo."

Kabla ya kutazama chochote alijifunika kichwa kizima kwa kanga ya mkewe, akakaa hivyo kimya, akisoma Yasini moja na nusu. Alisema macho yana mlango, na mlango huo hufunguka polepole. Ukiona taa ya barabarani mara moja tu, mlango unajifunga kwa kishindo. Nilicheka mara ya kwanza nilipomwona, baba wa watu mwenye ndevu za mvi, amekaa juu ya mkeka chini ya kanga nyekundu kama bi harusi. Alitoa sauti kutoka ndani: "Cheka, ukimaliza uvae yako." Bi Zuwena alikuwa ameshaniletea.

Fikiria sasa hali yake. Mjini palikuwa na taa kila kona, na yeye ndiye aliyeziwasha. Alizijua kama mchungaji anavyojua mbuzi. Taa ya Darajani ilikuwa na tabia ya kupepesa kabla ya mvua. Ya njia ya Malindi ilipendwa na popo. Akikuta moja imezimika hakulala mpaka aione inawaka, kwa sababu, alisema, mtu mzima anaweza kuvunjika mguu. Kisha alirudi nyumbani, akapanda juu, akazilaani zote kwa upole, moja moja, kwa kuwa kila moja ilimla nyota. Nilimwuliza kama haoni ajabu.

"Mpishi naye hushinda njaa akipika," alisema.

Nilidhani basi angependa shamba. Mwaka wangu wa pili alinichukua Mkokotoni kwa shemeji yake, kaka wa Bi Zuwena, Mtumbatu mwenye duka la kamba na mafuta ya taa. Tulikwenda na darubini kwenye gari la abiria, ameipakata. Usiku ulipoingia, mbingu ya Mkokotoni ilijaa hadi upeoni. Mimi nilibaki mdomo wazi. Fundi alizungusha darubini huku na huku, akaanza kutokwa jasho.

"Umepoteza kitu, shemeji?" akauliza mwenye duka.

"Siioni hata moja ninayoijua."

"Ziko hapo zote."

"Ndiyo tabu. Ni kama kuingia arusini, ukumbi umejaa, nawe hujui bibi harusi yupi."

Shemeji yake akamwonyesha kwa kidole, bila bomba lolote: kile pale Kilimia, ile pale ya kusini, ile wanayoitazama wakivuka kwenda Tumbatu. Alimcheka hadi asubuhi. Tuliporudi mjini Fundi alipanda juu kwa furaha ya mtu aliyetoka hospitali. Zilikuwepo zake, chache, zile zilizoweza kupenya taa zake mwenyewe. "Hizi," alisema, "tumezoeana."

Alikuwa na masharti yake. Azana ya Isha ikisikika, aliiacha darubini hata kama pete ya Zohali imekaa sawa katikati ya kioo. "Nyota si faradhi," alisema, akashuka. Mimi, Mkristo wa Bukoba, nilibaki kuilinda. Hakupenda kuulizwa habari za bahati na nyota za watu. Aliyekuja kutaka kutazamiwa alielekezwa kwa mganga wa mtaa wa pili, kwa adabu. Aliwaonyesha mwezi watoto, wauza kahawa, na sonara wa Kihindi wa jirani. Na alinicheka mimi. Niliposema nawaza kwenda Mombasa, au Kampala, au Lindi, alisema kuna nyota zilizotulia na kuna zinazotembea, na zinazotembea ndizo zinazopendeza kutazama, lakini ni tabu kuishi nazo nyumba moja.

Kwa miaka mingi basi maisha yake yalikwenda hivyo, mpaka jirani yetu wa mashariki alipoingiwa na shaka.

Huyu alikuwa karani wa forodhani, mtu safi, kanzu imepigwa pasi, mwavuli kwapani hata wakati wa kiangazi. Nyumba yake ilikuwa fupi kuliko yetu, na ua wake ulikuwa ng'ambo ya uchochoro, chini kabisa ya paa letu. Alikaa na mkewe na mama yake, Bi Mize, ndiye yule bibi wa "usituangukie sie". Jioni moja Karani alirudi mapema, akatazama juu, akaona darubini imelala chini-chini, imeelekea kwake. Ukweli ni kwamba Mshtarii, ile sayari kubwa, alikuwa anachomoza juu ya bati la nyumba yake, na Fundi alitaka kumwahi. Lakini kwa aliye uchochoroni, bomba lilielekea uani.

Alikuja mlangoni. Nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia yote.

"Karibu, Karani," alisema Fundi.

"Sikaribii. Nnataka kujua unatazama nini kwangu."

"Kwako sitazami. Natazama juu ya kwako. Na hata ningetaka, uani mwenu kiza. Ningeona nini?"

"Fundi, mie si mtoto. Chombo hicho unakitumia usiku. Ingekuwa hakioni gizani, ungekitumia usiku kwa nini?"

 Baadaye Fundi aliniambia kwamba katika maisha yake hajapata kusikia hoja iliyokosea vizuri namna ile.

Karani hakuishia hapo. Aliandika ombi, likatiwa saini na wanaume kadhaa wa mtaa, kwamba uchochoro una giza, wanawake wana hofu, na iwekwe taa kubwa ya mtindo mpya penye kona, kati ya nyumba zetu mbili. Mtaani kila mtu alijua maana yake. Taa ikiwaka, paa letu lingeonekana kama jukwaa, na kila mpita njia angeona bomba limeelekea wapi. Ombi likakubaliwa. Agizo la kuweka nguzo likaletwa kwa fundi wa taa za barabarani, yaani yeye.

Siku zile hakutazama kitu. Alikaa juu ya mkeka bila kufungua shuka.

"Kataa," nikamwambia. "Sema nguzo haiwezi kusimama pale."

"Inaweza. Nimepima." Akakuna ndevu. "Nikikataa, nimekiri kwamba nilikuwa nachungulia wake za watu. Nikiiweka, nimezima mbingu yangu kwa mkono wangu. Wewe ungechagua lipi?"

"Ningehama."

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Aliiweka. Aliisimamisha vizuri kuliko nguzo zote za mji, imenyooka kama alifu, akaifunga taa, akaosha kioo chake kwa siki. Jioni ya kwanza ilipowaka, uchochoro ukawa mchana. Juu ya nyumba yetu ungeweza kusoma gazeti, na Fundi alipanda na gazeti, akalisoma kweli, miwani puani, akigeuza kurasa kwa kelele ili mtaa umsikie. Mbinguni ulibaki mwezi tu, nao umepauka.

Jioni ya pili Fundi alibaki msikitini baada ya Maghribi kwa uradi wake. Karani aliswali, akatoka wa kwanza. Nilikuwa mlangoni kwangu nikivua viatu, nikamwona anapanda ngazi zetu mbili mbili, mwavuli kwapani.

"Nakwenda kuhakikisha," aliniambia, hakusimama.

Nadhani alitaka kuona paa linavyoonekana likimulikwa, na kama darubini imeachwa imeelekea wapi. Nikamfuata. Darubini haikuwepo. Akaenda kwenye ukingo, akainama kutazama chini.

Na hapo akaona ua wake. Aliuona wote. Ua ambao miaka yote ulikuwa shimo jeusi lenye ncha moja ya kandili sasa ulikuwa mweupe kama bakuli: mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, jungu la maji, mkewe amekaa nywele zimefumuliwa, jirani akimpasua njia kwa kichana, na mama yake, Bi Mize, amelala chali kwa kanga moja, anajipepea. Taa aliyoiomba ili kuwasitiri ilikuwa imewaanika. Madirisha ya juu ya sonara yalikuwa yanatazama pale pale. Hata langu.

Mimi niligeuka upesi, nikaangalia bahari. Lakini Karani aliganda. Na katika haraka yake alikuwa amesahau jambo ambalo Fundi hajalisahau hata siku moja: hakupiga hodi.

"Nani huyo juu!" Sauti ya Bi Mize ilipasua uchochoro. "Nani anayechungulia wanawake?"

Karani akajaribu kurudi nyuma.

"Nakuona kanzu! Huyo si Fundi, Fundi ana adabu, Fundi hupiga hodi! Nani wewe?"

"Mimi, mama," akasema Karani.

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Kicheko kilianzia uani kwake, kikaruka ukuta kwenda kwa sonara, kikapita nyumba ya tatu, kikaenda hadi sijui wapi. Nilisikia wanawake wanapokezana habari kwa juu ya kuta: ni Karani, ni Karani mwenyewe, yuko juu ya paa la Fundi, anamchungulia mama yake. Fundi alipotoka msikitini alikuta mtaa mzima unafuta machozi.

Kesho yake Bi Mize alivaa buibui akaja kwetu, na debe tupu la samli.

"Taa yako hii," alimwambia Fundi, "tangu jana hatukai uani. Tunapika kama wezi. Mwanangu hawezi kuandika barua ya pili kusema ya kwanza ilikuwa ya kipumbavu. Ifanye imulike njia, isitumulike sie. Waweza?"

"Naweza, Bi Mize."

"Basi mbona hukufanya tangu mwanzo?"

Fundi alilichukua debe. Alilikata, akalikunja likawa kofia pana, akalipaka chokaa kwa ndani na rangi nyeusi kwa nje, akalifunga juu ya taa. Mwanga ukaanguka chini uchochoroni, duara safi, usioweza kupanda ukuta. Uani kukarudi kiza. Juu kukarudi nyota, na nakuapia zilirudi nyingi kuliko za awali. Baada ya mwezi mmoja wanawake wa mitaa mingine wakaanza kuleta madebe.

Nilimwuliza Fundi swali la Bi Mize tulipokuwa peke yetu. Alijua?

"Miaka kumi na sita napanda nguzo. Naijua kila taa inamulika wapi kabla sijaiwasha."

"Mbona hukumwambia Karani?"

"Angeniamini?" Akafungua shuka. "Ningemwambia taa itaonyesha ua wake, angesema, nawe umejuaje ua wangu ulivyo?"

Bi Mize alipanda kwetu jioni ile ile debe la kwanza lilipofungwa, akishikwa mkono na Bi Zuwena, akihema na kulaumu kila kipandio. Akawekwa mbele ya darubini, akafumba jicho silo mara mbili kabla ya kupata lililo sawa. Fundi alimpa Zohali. Bibi aliinama, akatazama.

"Chungu," alisema. "Chungu kimekaa juu ya kata."

Fundi alilirudia neno hilo kwa wiki nzima. Kata, ile pete ya kitambaa mwanamke anayoiweka kichwani chini ya mzigo: alisema ametazama pete ile miaka minane na hajaliona jambo hilo, na kwamba hii ndiyo hasara ya kutazama peke yako.

Mtaa ulikuwa umekwisha kumtakasa.  Lakini Karani mwenyewe alimsalimia Fundi kwa haraka, akapita. Hakuomba radhi, na Fundi hakumdai. Ila niliona kitu kimoja. Tangu siku ya ombi lile, Fundi hakuielekeza tena darubini upande wa mashariki ikiwa chini. Mshtarii alipochomoza juu ya bati la Karani, alimwacha. "Mwache apande kwanza," alisema, akaangalia kwingine, na macho yake yakirudi kule kila mara. Kile ndicho kipande cha mbingu alichonyang'anywa, na taa haikuwa na kosa.

Mwaka wa nne nikaanza kuwashwa nyayo. Rafiki alikuwa ameniandikia kutoka Mombasa kuhusu kazi katika duka la vitabu. Ukweli ni kwamba hata bila barua ningekwenda. Stima ilikuwa saa kumi alasiri. Mizigo nilimtanguliza nayo mchukuzi, nikarudi mtaani kuaga.

Nilimkuta Fundi juu ya nguzo ya kona. Debe la kwanza lilikuwa limeliwa na kutu, anafunga jipya. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwitikia, nikasikia vyombo vinagongana uani kwa Karani vikiingizwa ndani.

"Umekuja kuaga," alisema bila kutazama chini. "Hebu shika ngazi hiyo kwanza, imeanza kuteleza."

Nikashika. Tukaongea hivyo, yeye akizungumza na skrubu, mimi na soli za viatu vyake. Aliniambia Mombasa taa nyingi, nitafute paa refu. Aliniambia Bi Zuwena ameniwekea mkate wa kumimina mlangoni, nisiusahau. Aliniambia nikichoka nirudi, halafu akajisahihisha: "Hutarudi. Lakini ukiwa huko, utazame saa moja usiku, kusini. Tutakuwa tunaangalia kitu kimoja, japo wewe utakuwa na haraka."

Stima ikalia. Mara ya kwanza.

"Nenda," alisema.

"Nikiachia, utaanguka."

"Na mimi nikishuka sasa, kofia ina skrubu moja, itamwangukia mtu."

Tukabaki hivyo, tunacheka, hatujui la kufanya. Ndipo Karani alipotokea kwenye kona, anatoka kazini, mwavuli kwapani. Alisimama. Akatazama ngazi, akanitazama mimi, akaangalia juu. Nikadhani atapita. Akaegemeza mwavuli ukutani, akakunja mikono ya kanzu ile nyeupe mara mbili, akaja akaishika ngazi chini ya mikono yangu.

Kutoka ndani mkewe akaita, "Nani huyo bado yuko juu? Tutoke au tungoje?"

Karani akageuza uso kuelekea ukuta wake. Jibu alilotoa, mwanamume wa mtaa ule humtolea kaka yake tu, au mjomba, mtu wa ndani.

"Ni Fundi," alisema. "Tokeni, kaeni tu."

Juu, bisibisi ilisita. Kisha ikaendelea kuzunguka, polepole. Nikaachia ngazi, nikachukua mkate wangu, nikaenda mbio bandarini.